Jicho Lisilouma

Siku yangu ya kwanza kitengo cha macho, hospitalini Lindi, sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Nilipewa bunda la pamba na kigoda, nikaambiwa nisokote. Aliyenipa kazi hiyo alikuwa Tabibu Mnali, mtu mfupi, mkimya, mwenyeji wa Mitwero, ambaye wagonjwa wote walimwita dakta naye hakuwahi kuwasahihisha. Alitaka kila kipande cha pamba kiishie kwenye ncha nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na kwetu Newala mama alikuwa amekwisha kuwatangazia wanakwaya wote kwamba binti yake Skola anakwenda kuwafumbua vipofu. Nikasokota pamba asubuhi nzima.

Karibu na mchana akaja, akachagua kipande kimoja, akaniambia nitazame dirisha la mbali. Kabla sijauliza sababu akaipitisha ile ncha kutokea pembeni, akanigusa kioo cha jicho. Niliruka. Jicho likajifumba lenyewe na machozi yakanichuruzika mpaka kidevuni. Yeye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanieleza kwamba kile kioo cha mbele, ambacho darasani mnakiita konea, hakina mshipa wa damu hata mmoja, lakini kimejaa mishipa ya fahamu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo maana chembe ya mchanga ikiingia jichoni unadhani umeingiwa na jiwe.

"Ukimgusa mtu hapo akakutazama tu kama hujafanya kitu," akasema, "usimsifu kwa ujasiri. Huyo yuko hatarini kuliko wote waliokaa kwenye benchi."

Wadogo zangu mnaobaki kitengoni mmeniomba niiandike miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuisimulia visivyo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vya kwanza havikunifika vingi, na hiyo ya pili mnaijua. Nitaandika juu ya vifaa, watu walionifundisha, na mgonjwa mmoja wa Likawage ambaye bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia zaidi ya kwamba nilifika kazini na nikarudi nyumbani.

Vifaa vyetu vya mwanzo vilikuwa kurunzi yenye betri za kubembeleza, lenzi ya mkononi, ile pamba, na vikaratasi vyenye rangi ya machungwa. Kikaratasi unakilowesha kidogo, unakigusisha ndani ya kope la chini, mgonjwa anapepesa, kisha unamulika kwa mwanga wa buluu. Palipo pazima rangi haishiki. Pale seli za juu zilipokufa au kung'oka panang'aa kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa. Mara ya kwanza kuona ule ukijani niliuona mzuri, nikasema hivyo kwa sauti. Tabibu Mnali akaniambia nimwulize mgonjwa kama naye anauona mzuri.

Wagonjwa wa miaka ile walikuja kwa misimu. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho walikuja wanaume wenye macho mekundu wakitembea wakiwa wameyafumba. Msimu wa mavuno walikuja waliochomwa na makapi na mabua. Watoto walikuja na kila kitu ambacho mtoto anaweza kumtupia mwenzake. Wote hao walipiga kelele, na kelele zao zilinifundisha kutokuogopa kelele. Jicho linalouma lina mwenyewe; anakuja mbio, anataka tiba, anarudi usipomwita. Wengi walipona.

Miaka ikapita, nikapelekwa kusomea uuguzi wa macho mbali na huku kwetu, mahali penye baridi ambapo nilivaa sweta mbili na bado nikalalamika. Huko mwalimu mmoja, mama mwenye sauti ndogo sana, alituwekea kwenye darubini vipande viwili vya kioo cha jicho vilivyokatwa vyembamba na kutiwa rangi. Kimoja kilitoka kwa mtu asiye na kisukari. Kingine kilitoka kwa mtu aliyeishi na kisukari muda mrefu bila tiba. Kwenye kile cha kwanza seli zilipangana safu juu ya safu, na nyuzi za fahamu zikapita katikati yake kama mizizi myembamba. Kwenye cha pili safu zilikuwa chache, zimeachana, na nyuzi ilibidi uzitafute.

Mwalimu akatuambia kwamba kufa kwa seli si ugonjwa. Seli za juu ya kioo cha jicho hufa kila siku kwa utaratibu wake: iliyochoka inajikunja, inajimaliza yenyewe bila kumsumbua jirani, inabanduka na machozi yanaiondoa, na mpya inapanda kutoka chini kuchukua nafasi. Mimi nilielewa kwa kukumbuka nyumba ya bibi yangu ya kuezekwa kwa nyasi. Kila mwaka nyasi zilizooza zilichomolewa, mpya zikachomekwa, na paa likabaki lile lile. Kisukari kinafanya nyasi zioze haraka kuliko fundi anavyoweza kuzibadili. Sukari nyingi inazisumbua seli zenyewe, na inaua nyuzi za fahamu, zile ambazo kazi yake si kuhisi maumivu tu bali pia kuzilisha seli na kuziamuru zizaliane. Nyuzi zikifa, jicho halipepesi inavyotakiwa, machozi yanapungua, na kidonda kidogo kinakosa wa kukiziba.

Juu ya hayo kuna mwako wa mwili. Mwili ukiona kidonda unatuma askari wake, na jicho linakuwa jekundu na kuvimba. Kwa mtu mwenye afya askari wanafanya kazi yao na kuondoka. Kwa mwenye kisukari hawaondoki. Wanakaa, wanamwaga sumu zao, na seli ambazo hazikuwa na kosa zinakufa pamoja na adui, mpaka ule unene wa kioo chenyewe unaanza kulika. Nimewahi kuona watu wakikimbilia kuzima moto wa jiko wakaishia kubomoa nyumba nzima. Mwalimu alipofika hapo nilijua anachosema.

Niliporudi Lindi, Tabibu Mnali alikuwa amestaafu na wagonjwa wa kisukari walikuwa wameongezeka. Daktari wetu bingwa sasa alikuwa Dakta Neema, kijana kwangu kwa umri, mwenye mikono mitulivu na hasira za karibu. Tulipatana tangu mwanzo kwa sababu wote wawili hatukupenda vikao.

Bi Somoe aliletwa kwetu mwaka ambao ufuta ulikubali sana. Alikuwa mkulima wa Likawage, mjane, mwenye mwili mwembamba na kanga mbili zilizofungwa barabara. Jicho lake la kushoto lilipotea utotoni kwa surua. La kulia ndilo alilolimia, alilopikia, alilomwonea kila aliyemsalimu. Alisafiri na kaka yake mkubwa, Mzee Bakari, kwa pikipiki hadi kwenye lami kule Kiranjeranje, kisha kwa basi mpaka Lindi. Nilimwamkia yule mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu kama mtu anayemkagua fundi.

Kisa chao kilikuwa kifupi. Wakati wa kukung'uta ufuta, Bi Somoe aliingiwa na kapi jichoni. Alilitoa kwa ncha ya kanga, akaendelea na kazi. Jicho likawa jekundu lakini halikuuma, kwa hiyo hakulihesabu. Baadaye ukungu ulipoanza kumjia, kaka yake akamnunulia dawa ya matone kutoka duka moja la dawa, ya kuondoa wekundu. Wekundu ukaondoka kweli, wakashukuru. Ukungu ukazidi. Dawa ile, kama nilivyokuja kuona kwenye kichupa, ilikuwa ya aina inayowanyamazisha wale askari bila kuponya kidonda. Mnaifahamu. Ina kazi yake kwa mkono wa daktari, lakini kwa jicho kama lile ilikuwa sawa na kumziba mdomo mtu anayepiga yowe la mwizi.

Nilisokota pamba, nikamwambia atazame mbele, nikamgusa kioo cha jicho. Hakupepesa. Nikamgusa tena katikati, kisha pembeni.

"Sista, unaanza saa ngapi?" akaniuliza.

Nilimwita Dakta Neema. Chini ya mwanga wa buluu kidonda kiling'aa kijani, kipana, chenye kingo zilizojikunja, na katikati palikuwa pamepungua unene. Tulimpima sukari, na mashine ikatoa namba ambayo niliirudia kwa kidole kingine nikidhani nimekosea. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kisukari. Kiu yake aliiweka kwenye hesabu ya jua la shambani, na kwenda haja ndogo mara kwa mara akakuweka kwenye hesabu ya umri.

Dakta Neema aliwakalisha wote wawili na kuwaeleza kwa Kiswahili cha kawaida. Alisema seli zinakufa na hazizaliwi za kutosha. Kila kope linapopita linakwangua hata zile changa zinazojaribu kupanda. Akasema dawa ya dukani itaachwa, sukari itashushwa kwa insulini, kutakuwa na vidonge na dawa laini ya kulainisha, lakini hayo hayatatosha. Jicho lilihitaji kufungwa. Alitaka kuyashona makope mawili, la juu na la chini, yabaki yameshikana kwa wiki kadhaa, yawe ndiyo bandeji, na kiachwe kiupenyo kidogo upande wa pua tupate kuchungulia na kutia dawa.

Mzee Bakari alikuwa amesikiliza vizuri mpaka hapo. Huko kwao mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake na mara nyingi wa dada mwenyewe, na alisema kwa utulivu kwamba hapana. Dada yake alikuwa na jicho moja tu, na wamekuja hospitali ili lione, si ili lifungwe. Akiwa kipofu kwa wiki zote hizo, nani atamwongoza? Na wakifungua wakakuta halipo? Alisema atamrudisha nyumbani, kuna mtu anayejua mizizi ya macho.

Nilitaka kusema mengi. Niliwahi kuona macho yaliyorudi kutoka kwenye mizizi. Lakini Dakta Neema alinigusa mguu chini ya meza, akamgeukia Bi Somoe na kumuuliza yeye anataka nini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kumuuliza.

Bi Somoe aliuliza kwanza kama tukiliacha lilivyo litachukua muda gani. Dakta Neema akamwambia ukweli: linaweza kutoboka wakati wowote, na likitoboka hatuna la kufanya hapa. Akauliza kama tukilishona ni hakika litapona. Dakta akasema si hakika.

Bi Somoe akageukia ule upande ambao alijua kaka yake amekaa.

"Jicho hili ni langu, kaka," akasema. "Kama unalionea huruma, nishike mkono wakati limefungwa."

Mzee Bakari akatoka nje. Nilidhani amekwenda kutafuta gari la kurudi. Kumbe alikwenda kutafuta mahali pa kulala mjini.

Tulimshona kesho yake. Wale mnaokuja mkumbuke kukata vipande vya mpira wa dripu na kuvilaza juu ya kope kabla ya kukaza uzi, la sivyo uzi utakata ngozi kama waya kwenye jibini, au kwa sisi tusio na jibini, kama uzi kwenye muhogo uliochemka. Dakta Neema alishona, mimi nikashika na kukata. Bi Somoe alikuwa amechomwa ganzi ya kope tu, kwa hiyo alikuwa macho muda wote, na alizungumza nasi habari za bei ya ufuta mpaka Dakta akamwomba anyamaze kidogo kwa sababu kope lilikuwa linacheza.

Wodini wanawake wenzake walimwongoza bafuni na chooni. Mzee Bakari alikuja asubuhi na jioni, akikaa kando ya kitanda akimshika dada yake kiganja, kama alivyoambiwa. Nami nikawa natia dawa kwenye kile kiupenyo, nampima sukari, namchoma insulini. Siku za mwanzo sukari ilishuka kidogo, kisha ikakataa. Tukaongeza insulini, bado ikakataa. Nikaanza kuchunguza mazingira, nikagundua kwamba kila jioni yule mzee alimletea dada yake soda ya machungwa, kwa huruma, kwa sababu mtu aliyefungwa jicho anastahili kitu kitamu. Nilimtoa nje, nikamweleza kwa adabu yote niliyonayo, ambayo siku hiyo haikuwa nyingi. Soda ikaisha. Sukari ikashuka kidogo tena, na tena ikasimama juu ya mahali tulipotaka.

Tulipochungulia kwa mwanga wa buluu, ukijani ulikuwa ule ule. Chini yake kioo kilikuwa chembamba zaidi ya mwanzo. Dakta Neema alisimama dirishani akiwa ametugeuzia mgongo, kisha akasema tunaendelea. Akaniambia nitafute kila kitu katika mwili wa yule mama ambacho kingeweza kuwa kinawasha moto. Tulitazama meno, kifua, mkojo. Tulimuuliza kama kuna mahali panauma. Alisema, kwa kiburi kidogo, kwamba yeye hana tabia ya kuumwa.

Alasiri moja mama wa kitanda cha jirani aliyezoea kumsaidia kutawadha alikuwa ameruhusiwa kurudi kwao. Bi Somoe akaniuliza kama ningeweza kummiminia maji. Mimi ni mtoto wa kanisani, lakini baada ya miaka yote hiyo Lindi utaratibu wa udhu ninaujua kama sala zangu. Nilimkalisha kwenye kibaraza cha bafuni, nikammiminia mikononi, akasukutua, akapangusa juu ya bandeji ya jicho kwa kiganja chenye unyevu kama alivyoruhusiwa na shehe wake. Tukafika miguuni. Mguu wa kulia hakuna neno. Wa kushoto nilipoumiminia, maji yaliyotiririka sakafuni yalibadilika rangi, na harufu ikaja.

Niliuinua mguu. Chini ya mzizi wa kidole gumba palikuwa na shimo linaloweza kuingia kokwa la ukwaju, limezungukwa na ngozi ngumu.

"Bi Somoe, hapa umeumia lini?"

"Wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeushika mguu wake, kidole changu kiko kando ya kile kidonda, naye ananiuliza wapi. Nimeona mengi katika kazi hii, na bado neno hilo moja linanirudia. Jicho na unyayo vilikuwa vimenyamazishwa na ugonjwa mmoja. Kapi lilimjeruhi juu hakusikia maumivu, na mwiba au jiwe lilimwingia chini hakujua, na ule usaha wa mguuni ndio uliokuwa unaipandisha sukari na kuwaita wale askari kila upande, tukiwa sisi tunashangaa kule juu kwa nini seli hazitaki kuishi.

Alimalizia swala yake kwanza, akiwa amekaa. Nilimsubiri. Kisha mambo yakaenda haraka. Watu wa upasuaji walikisafisha kile kidonda, wakakata kilichooza mpaka palipotoka damu nyekundu, wakampa dawa kali za sindano na kumkataza kuukanyaga ule mguu. Akawa mtu asiyeona na asiyetembea. Siku hiyo ndiyo pekee niliyomwona akilia, na alilia kwa muda mfupi, uso akiwa ameuelekeza ukutani. Mzee Bakari alikaa pale pale. Bi Somoe alipokwisha kulia, akamuuliza kaka yake kama walioachwa nyumbani wamekumbuka kufunika magunia ya ufuta.

Ndani ya siku chache sukari ikaanza kushuka na safari hii haikusimama. Tulipochungulia jicho, kingo za ukijani zilikuwa zimelainika. Mara iliyofuata ukijani ulikuwa umepungua, kama dimbwi linalokauka kutokea pembeni. Seli zilikuwa zinapanda. Hakuna aliyeshangilia. Dakta Neema alitazama muda mrefu kuliko kawaida, akanipa nafasi nami nitazame, tukaenda kwa mgonjwa mwingine. Ila nilimsikia akiimba kwenye korido, na mtu yule haimbi.

Siku ya kufungua nyuzi mguu ulikuwa umeanza kujifunga na Bi Somoe aliweza kukaa kitini. Nilikata uzi mmoja mmoja, nikautoa mpira, nikasafisha ukoko kwa pamba yenye maji ya chumvi. Nikamwambia afumbue pole pole. Kope lilikuwa zito, lilitetemeka, likapanda nusu. Palikuwa na kovu jeupe chini kidogo ya katikati ya kioo, na juu yake pasafi. Alitazama mwanga, akafumba, akafumbua tena. Alipoletwa kwetu ukungu ulikuwa umekwisha kuwa mwingi, hakuwahi kuniona isipokuwa kama kivuli cheupe. Sasa alinitazama usoni kwa makini.

"Kumbe ni mtu mzima mwenzangu," akasema. "Kwa sauti nilidhani wewe ni kabinti."

Halikurudi kama zamani. Nisiwadanganye. Lakini kwa miwani alitambua nyuso, aliona njia, alichambua mchele. Kabla hajaondoka nilimfundisha kujichoma insulini, na kwa kuwa Likawage kwao hakukuwa na friji, nikamfundisha pia ile njia ya vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga unaloweshwa kila siku, chupa ya dawa ndani ya kile kidogo, kwenye kivuli. Nilimfundisha kukagua nyayo zake kila jioni kwa mkono na kwa kioo, na kuvaa viatu hata uani. Aliyarudia yote bila kukosea. Mzee Bakari alibeba mfuko.

Tangu hapo kliniki yetu ya mkoba ilipofika Kiranjeranje au Likawage, tulimkuta Bi Somoe ametangulia. Hakuna aliyemwajiri. Alikaa kwenye mlango wa zahanati akiwauliza watu kama wana kiu isiyoisha, kama miguu yao imekufa ganzi, kama macho yao yana ukungu lakini hayaumi. Aliyejibu ndiyo alishikwa mkono na kuletwa kwetu, apende asipende. Wapo waliomkwepa kwa kupitia nyuma ya jengo. Wapo pia ambao leo wanaona kwa sababu hawakuwahi kumkwepa. Kijana mmoja wa zahanati alilalamika kwangu kwamba yule mama anaendesha kituo. Nilimwambia akubali tu, wengi wetu tumeshakubali.

Safari yangu ya mwisho Likawage kabla ya kustaafu ilikuwa ya kawaida mpaka karibu na adhuhuri. Bi Somoe aliinuka mlangoni, akavuka uwanja, akarudi na Mzee Bakari. Mzee alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, na safari hii alinitazama. Alisema yeye ni mzima, amepita tu kumsalimu Sista Skola kwa kuwa amesikia anaaga. Bi Somoe akaniambia kwamba kaka yake anakunywa mtungi mzima wa maji kwa siku, na amekuwa akiambiwa apime tangu masika naye anasema kesho.

"Kaa hapo, kaka," akasema.

Akakaa. Nilimtoboa kidole, na mashine ikatoa namba iliyokuwa juu, ingawa si kama ile ya dada yake. Nilimweleza kwamba anacho kisukari. Alitazama sakafu, akaniuliza kama naye atashonwa macho. Nikamwambia atazame mbele, nikamkagua macho yote mawili, yalikuwa safi. Kisha nikamvua kiatu, nikachukua kalamu yangu na kubonyeza unyayo wake kwa ncha, chini ya mzizi wa kidole gumba.

Aliuvuta mguu kwa nguvu mpaka kiti kikasogea.

"Inauma?" Bi Somoe akamuuliza.

"Inauma," akasema Mzee Bakari, amekasirika.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Somoe. Akapiga magoti pale sakafuni, akaushika mguu wa kaka yake kwa mikono miwili, akaniambia niendelee na ule mwingine.